Nafasi ya milimita 180: historia ya duka la redio za gari, kutoka Chicago hadi Ntimaru

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Ntimaru. Kwa wasiopajua, Ntimaru ni mji mdogo wa soko huko Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Ukishuka unapata Kehancha na Isebania, ukivuka mpaka uko Tarime. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na ng'ombe, na barabarani utaona Probox, lori za mizigo na bodaboda zisizohesabika.

Mjomba wangu ana duka dogo pale la kufunga redio za magari. Safari hii aliniita tukae naye. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili na pesa zilikuwa mkononi. Akaniuliza: "Mpwa wangu, wewe umesomea kompyuta. Hizi pesa niziongeze hapa dukani, au nifunge nitafute kazi nyingine?"

Swali halikutoka hewani. Siku hiyo hiyo kijana mmoja alikuwa ameingia dukani na simu mkononi, akamwonyesha bei ya skrini ya gari kwenye mtandao. Bei ile ilikuwa chini ya ile ambayo mjomba mwenyewe hununulia Nairobi. Kijana hakumtukana wala hakubishana. Aliuliza tu, "Mzee, mbona yako ni ghali?" Kisha akaenda zake.

Nami nilikuwa na deni la zamani. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilimwambia mjomba, kwa ujasiri wote wa mtu aliyefaulu mtihani mmoja, kwamba duka lake halitamaliza miaka mitano kwa sababu kila mtu atakuwa na muziki kwenye simu. Yeye alikuwa ameinama juu ya solda, hakunijibu. Miaka mitano ilipita na duka bado lipo. Kwa hiyo safari hii sikutaka kumpa maoni. Nilimwomba siku chache nikasome, na haya ndiyo niliyoyapata. Si yeye peke yake aliyewahi kuulizwa swali lile.

Tuanze mbali. Magari ya kwanza hayakuwa na redio. Mwaka 1930 ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walitoa redio ya gari waliyoiita Motorola, jina ambalo baadaye likawa la kampuni yenyewe. Kuifunga haikuwa mchezo. Redio za enzi hizo zilitumia vali za kioo zilizohitaji volti nyingi kuliko za betri ya gari, kwa hiyo betri nyingine zilifichwa chini ya sakafu. Eriali ilibidi itafutiwe mahali, na kila plagi ya injini ilipowaka, redio ilikoroma. Ndiyo kusema tangu siku ya kwanza redio ya gari ilikuwa vitu viwili: sanduku, na mtu anayejua kulikalisha.

Baada ya muda viwanda vya magari vikaona kuna pesa hapo, vikaanza kuleta redio zao. Mwaka 1955 Chrysler na Philco walitoa redio ya gari iliyotumia transista tupu, bila vali. Ilikuwa ndogo na haikuhitaji volti nyingi. Ungedhani mwenye duka wa pembeni amekwisha. Hakwisha, kwa sababu kiwanda kilichelewa kila mara. Gari hukaa barabarani miaka kumi au ishirini, lakini muziki haukai hivyo. Philips walitoa kanda ya kaseti mwaka 1963, na magari yaliyokuwa tayari yameuzwa hayakuwa na pa kuitia. Mwaka 1984 Pioneer walitoa mashine ya CD ya gari, na hadithi ikawa ile ile. Anayetaka kitu kipya ndani ya gari la zamani alikwenda kwa fundi.

Sasa hapa pana jambo ambalo waandika programu wenzangu watalipenda. Fundi hangeweza kufanya kazi hiyo kama kila gari lingekuwa na tundu lake. Wajerumani walikuwa na kiwango chao, DIN, kilichotaja ukubwa wa redio ya gari: takriban milimita 180 kwa 50. Mwaka 1984 kiwango hicho kikawa cha kimataifa kwa namba ISO 7736. Tundu hilo ni kama kiunganishi kilichoandikwa wazi katika programu. Aliyetengeneza gari hakujui, nawe huhitaji ruhusa yake. Mradi sanduku lako linaingia kwenye nafasi ile, umeshapata soko. Maduka yote ya redio za magari duniani, pamoja na la mjomba, yamekaa ndani ya mstatili huo.

Lakini hata kiwango kina visirani vyake. Magari mengi ya Toyota yana nafasi ya upana wa milimita 200 badala ya 178 hivi za redio ya kawaida, hivyo ukiweka redio ya kununua inabaki sentimita moja wazi kila upande. Mjomba ana kopo zima la vipande vya plastiki alivyovikata kwa msumeno kuziba nafasi hizo. Hakuna aliyemfundisha. Probox zilipoanza kufika, tundu lilimfundisha.

Haya, turudi Kenya. Kwa miaka mingi redio ilikuwa ya serikali tu, Voice of Kenya, iliyorudishiwa jina la KBC mwaka 1989. Aliyetaka muziki wake njiani alihitaji kanda. Waliotaka zaidi ya wote ni wenye matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ile ya uchukuzi iliyokuwa ikizibana, na biashara ikafurika. Magari yakiwa mengi na nauli ni moja, abiria huchagua kwa nini? Kwa sauti. Spika zikawa sehemu ya ushindani, na mitaa kama Luthuli Avenue jijini Nairobi ikajulikana kwa maduka ya spika na amplifaya.

Kisha ikaja tarehe 1 Februari 2004, siku zilipoanza kutekelezwa zile kanuni ambazo hadi leo tunaziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano. Mbwembwe za matatu zikapoa. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema michoro ya matatu isiandamwe tena, na mbwembwe zikarudi. Kwa mwenye duka, somo la miaka hiyo ni kwamba mteja mmoja mkubwa ni hatari. Aliyeishi kwa matatu peke yake alilala njaa serikali ilipokunja uso.

Ntimaru haikuwa na matatu za namna hiyo za kutosha kumlisha fundi. Kilichomlisha mjomba ni kijisanduku kidogo kuliko pakiti ya sigara, tunachokiita ekspanda, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii.

Redio za FM kwetu zinatumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Japani walitumia 76 hadi 90, kwa sababu juu ya 90 hadi 108 walikuwa wameweka chaneli tatu za televisheni. Hilo halikutusumbua hadi mambo mawili yalipokutana. La kwanza, Wakenya walianza kununua kwa wingi magari ya mtumba kutoka Japani. La pili, redio za binafsi zikafunguliwa: Capital FM mwaka 1996, Kiss 100 mwaka 2000, na nyingine nyingi baada yake. Jijini Nairobi Capital iko 98.4 na Kiss 100.3. Redio ya Japani inafika 90 na kusimama. Umenunua gari zuri, redio nzuri, spika nne, na husikii chochote!

Ekspanda hukaa kati ya eriali na redio. Ndani yake mna kioo cha kutetemesha masafa, na kazi yake ni kutoa. Ikiwa ni ya 16, basi 98.4 inashuka na kuwa 82.4, na 100.3 inakuwa 84.3. Redio inadhani iko Tokyo. Hesabu ni ya darasa la tatu, lakini kuna mtego. Dirisha la redio ni megahezi 14 tu, kwa hiyo ekspanda ya 16 inakupa 92 hadi 106, na ya 12 inakupa 88 hadi 102. Huwezi kupata zote. Lazima mtu ajue stesheni unazozipenda ziko wapi katika eneo lako, na Ntimaru ni eneo ambalo mawimbi ya Kenya na ya Tanzania yanapishana angani. Mteja hakuja kununua ekspanda, alikuja kununua jibu la swali "ipi?" Muuzaji wa Nairobi hawezi kulijibu, wala tovuti.

Japani wamezima televisheni ya analojia, sehemu kubwa mwaka 2011, na tangu 2014 redio zao zimeanza kutumia hadi 95. Bado haifiki 108. Mjomba bado anauza ekspanda.

Hapo nikaanza kuona umbo la jambo lenyewe. Duka la fundi haliishi kwa sanduku. Linaishi kwenye ufa kati ya mahali kitu kilipotengenezwa na mahali kinapotumika. Kiwanda kinaziba ufa mmoja, maisha yanafungua mwingine, na anayekufa ni yule anayeendelea kusimama kwenye ufa ulioshazibwa.

Nyufa za sasa ni zipi? Hizi skrini za Android kutoka Uchina nyingi unaweza kuziwekea eneo lako, zikapokea masafa yetu bila ekspanda. Ufa huo unazibika polepole. Lakini skrini yenyewe inafika na nyaya bila gari, na baadhi ya zile za bei rahisi huandikwa toleo la Android au kiasi cha kumbukumbu ambacho hakimo ndani. Upande wa pili, baadhi ya redio za kiwandani za Japani hujifunga betri ya gari ikikatwa, zikadai kadi ya ramani au namba ya siri, tena kwa Kijapani. Gari limepita mikono mitatu, kadi iko wapi? Na magari mapya zaidi hayana tundu kabisa. Skrini imeungana na kamera ya nyuma, vitufe vya usukani, pengine hata kiyoyozi, na vyote huzungumza kwa ujumbe wa kidijitali kwenye nyaya mbili. Ule mstatili wa milimita 180 unafutika.

Hili la mwisho ndilo linalotisha, na sitalipamba. Lakini sisi tuna saa yetu. Kiwango cha Kenya cha KS 1515:2000 kinakataza kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Wengi hununua lililokaribia kikomo hicho kwa kuwa ndilo rahisi, kisha huliendesha miaka mingine kumi na mitano. Maana yake kinachouzwa Japani leo kitafika Ntimaru baada ya miaka minane hivi, na kilichofika mwaka jana kitakuwa kwenye barabara zetu hadi mimi niwe na mvi. Ni fundi gani mwingine anayeonyeshwa kazi yake ya kesho miaka minane kabla?

Sasa niwaambie kisa kinachonihusu, maana bila hicho nisingempa mjomba jibu.

Nilipokuwa na miaka 17 nilimsaidia dukani likizo moja. Alitoka kidogo, akaniachia Toyota nifunge redio. Umeme niliuvuta kutoka kwenye kiwashio cha sigara, ukafanya kazi, nikajiona fundi. Zikabaki nyaya za spika. Redio za kununua zina rangi zao: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni ardhi, na kijivu ni spika ya mbele kulia. Nikaona waya wa kijivu upande wa gari. Kijivu kwa kijivu, nani atakosea? Lakini katika Toyota nyingi kijivu ndiyo umeme wa ufunguo. Ardhi ni kahawia. Nyeusi na nyekundu ndizo za spika za nyuma! Nilipozungusha ufunguo nilisukuma volti 12 kwenye mdomo wa amplifaya. Moshi mdogo ukatoka, harufu ambayo sijaisahau. Mjomba aliporudi alimlipa mteja redio mpya, akanipa daftari na kusema, "Soma kwanza."

Daftari hilo bado lipo, na sasa yako manne. Ni madaftari ya shule, yale ya kurasa 96. Kila gari alilolifungua ameandika: aina, mwaka, rangi za nyaya, kina cha tundu, ekspanda aliyoweka na stesheni zilizoshika. Nilipomuuliza ayaweke wapi akifunga duka, alisema anawashia jiko.

Wasomaji wangu, mimi huandika programu kwa riziki. Kampuni hulipa watu kama mimi kukusanya data kama ile, na hazipati iliyo safi hivyo. Yule kijana mwenye simu angeweza kupata skrini kwa bei ya chini popote. Hangeweza kupata ukurasa unaosema gari lake lina waya gani nyuma ya dashibodi baada ya fundi asiyejulikana kulikatakata huko lilikotoka.

Kuna jambo jingine ndani ya madaftari: ukweli. Mjomba huwaambia wateja nguvu halisi ya redio. Chukua gari linalowaka, volti 14.4, spika ya omu 4. Redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi kwa kila spika, hata sanduku liandikwe wati ngapi. Huko Marekani walichoka na uongo huo, wakaandika kiwango cha kupima amplifaya, CEA-2006, mwaka 2003. Ntimaru kiwango ni mjomba. Mtu wa bodaboda aliyeambiwa ukweli kuhusu kispika cha pikipiki yake atarudi siku atakaponunua Probox.

Basi nikamjibu hivi. "Mjomba, usinunue skrini za kujaza rafu. Pesa zitalala pale na bei itashuka zikiwa zimelala. Mwenye skrini yake aje nayo, wewe mtoze ufundi, tena utangaze bei ya ufundi ukutani kama vinyozi wanavyofanya. Nunua mita nzuri, plagi za kuunganishia bila kukata nyaya, na kompyuta ya mtumba."

Akafikiri. Akauliza, "Na yule anayekuja na skrini mbovu aliyoinunua mwenyewe, ikigoma atasema nimeiharibu mimi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tukakubaliana kila kifaa kijaribiwe mezani mbele ya mwenyewe kabla hakijagusa gari, na iandikwe daftarini. Hilo wazo ni lake, si langu.

Alitumia kama thuluthi moja ya pesa za ng'ombe. Nyingine ameziweka, kwani ana karo ya kulipa na hakunificha kwamba hajashawishika sawasawa. Tutaangalia mwaka mmoja. Nikikosea tena nitawaambia hapa hapa.

Kazi yangu katika mpango huu ni kuyachapa madaftari. Nimefika ukurasa wa 41 wa lile la kwanza. Nimekwama kwenye gari moja ambalo ameandika, "waya wa kijani si wa kijani." Nimempigia kuuliza maana yake. Anasema hakumbuki, nilirukie, au nisubiri hadi gari lenyewe lirudi. Anasema litarudi.

Mpaka wakati mwingine, kaeni salama, na msiunganishe kijivu kwa kijivu.